Wanakiimba Kiswahili, Hawakisemi

"Ami, bwani ni nini?"

Aliyeuliza ni binti wa miaka tisa, mstari wa mbele. Jioni nzima alikuwa akiliimba neno hilo, mara ishirini au zaidi, kwa sauti nyororo isiyo na mkwaruzo hata mmoja, nami nimesimama mbele yake nikipunga mikono na kuridhika. Kumbe mtoto anaimba pwani wala hajui pwani ni kitu gani, na p yake imekuwa b kwa sababu Kiarabu anachozungumza kutwa skuli hakina p.

Tulikuwa katika majlisi ya nyumba moja ya Mabela, upande wa Seeb, magharibi ya mji wa Maskati. Watoto kumi na wanne, wajukuu na vitukuu vya watu wa Unguja na Pemba, wamekaa juu ya zulia, kiyoyozi kinavuma juu ya vichwa vyao. Jambo lenyewe lilikuwa harusi. Bi mkubwa wa ukoo ule alitaka wajukuu zake wamwimbie bibi harusi kasida ya Kiswahili, "kama tulivyokuwa tukifanya kwetu". Nikaombwa mimi, kwa kuwa niliwahi kuimba katika kwaya ya skuli nilipokuwa Unguja, na kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu. Ustadi wangu unaishia hapo. Cheti sina.

Swali la yule binti lilinirudisha chuoni kwetu. Utotoni tulihifadhishwa kasida za Kiarabu, tukaziimba kwenye maulidi hadi mishipa ya shingo ikatutoka, na hapana aliyejua maana ya ubeti hata mmoja. Maalim wetu hakuona tatizo. Thawabu, alisema, haingoji tafsiri. Leo niko Maskati na mambo yamepinduka. Watoto hawa Kiarabu cha kasida wanakielewa neno kwa neno, tena wanaweza kunisahihisha. Kiswahili ndicho wanachokiimba kama kasuku.

Kiswahili si mgeni Maskati. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830. Mwaka 1861 ufalme ukagawanywa baina ya wanawe, mmoja akabaki na Zanzibar, mwengine na Oman, lakini jahazi hazikujali mgawanyo huo. Ziliendelea kwenda Unguja na kaskazi na kurudi na kusi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi walitoka Zanzibar wakatapakaa, na Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 akawaita Waomani waliokuwa nje, hasa waliosoma, waje kuijenga. Waliokuja kutoka Afrika Mashariki walikuja na Kiswahili kizima: methali zake, matusi yake na majina ya samaki wake. Watoto wao wakakichanganya. Wajukuu wamebakiwa na Kiswahili cha kuamrishwa: njoo, kaa, kula, nyamaza, vaa viatu. Ukimsemesha mjukuu kwa Kiswahili anakuelewa vizuri, halafu anakujibu kwa Kiarabu, au kwa Kiingereza ikiwa anasoma skuli ya kulipia.

Ndiyo maana bi mkubwa aliitaka ile kasida kwa hamu iliyozidi ya harusi yenyewe.

Kwanza niseme neno juu ya neno. Kwetu Unguja tukisema kwaya tunakusudia ya kanisani, au ya skuli siku ya sherehe ya taifa. Nyimbo za maulidi na za chuoni ni kasida, na anayezisimamia haitwi mwongozaji wa chochote, huitwa maalim tu. Hata jina kasida ni qasida ya Waarabu, iliyoacha qaf yake na sad yake baharini wakati wa kuvuka. Lakini kazi ni moja. Una watoto ambao kila mmoja ana koo lake, nyumba yake na usingizi wake, na unataka watoke kama mtu mmoja. Atakayewaleta pamoja akipenda aitwe maalim, akipenda aitwe mwalimu wa kwaya, tabu yake ni ile ile.

Siku ya kwanza niliiharibu mimi mwenyewe. Nilianza wimbo kwa sauti yangu, sauti ya mwanamume mzima, na watoto kwa heshima wakanifuata. Wadogo walishuka nami hadi sauti zikapotelea chini, ukasikia mvumo kama wa mzinga wa nyuki. Wakubwa kidogo, walipoona hawawezi kunifuata huko, wakaanza kupayuka. Nikalaumu kiyoyozi, kisha nikalaumu watoto wa siku hizi. Bi mkubwa, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, unawaimbisha au unawangurumia?"

Aliyenitoa gizani ni dada mmoja wa Kenya, mfanyakazi wa nyumba ya jirani, ambaye Ijumaa akipata ruhusa huenda kuimba kanisani Ruwi. Huko Ruwi kuna kanisa la Wakatoliki na la Waprotestanti, yamejengwa juu ya ardhi aliyoitoa Sultan Qaboos, na kwa kuwa Ijumaa ndiyo mapumziko ya nchi, umati wa waumini ni wa Ijumaa kuliko Jumapili. Yule dada amekulia ndani ya kwaya tangu hajaota meno ya ukubwani. Alinisikiliza dakika tano mlangoni, akacheka. Sauti ya mtoto wa miaka minane au tisa, akasema, makazi yake yako juu ya do ya katikati ya kinanda. Mwanamume anayeanzisha wimbo huuanza oktava nzima chini yake. Mtoto mdogo hajui kuhamisha. Anakwenda kukutafuta huko huko chini uliko na kuumiza koo bure. "Usianzishe wewe," akaniambia. "Mtafute msichana mwenye sikio, umpe yeye sauti kimya kimya, yeye awape wenzake."

Msichana mwenye sikio alikuwa yule yule wa bwani.

Dada huyo akanipa na kitu kingine: do-re-mi ya kuonyesha kwa mkono, ngumi kwa do, kiganja kilichonyooka kwa mi. Huu ni utaratibu ulioenezwa na mchungaji John Curwen huko Uingereza karne ya 19 ili watu wasiosoma nota waweze kuimba, na wamisionari wakausambaza sehemu nyingi za Afrika. Kwaya za Kiafrika zimelelewa nao. Kwa mfumo huo huo Enoch Sontonga, mwalimu wa skuli ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake waimbe. Mahadhi yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Kila aliyepanga mstari asubuhi mbele ya bendera, Kigoma au Wete, ameimba kazi ya mwalimu wa kwaya ya watoto, na wengi wetu hata jina lake hatukufundishwa.

Watoto wa Mabela waliipenda ile mikono kwa sababu inafanana na mchezo. Lakini kilichowaunganisha hasa ni neno walilokuwa nalo tayari, neno walilopewa na Oman. Katika miji ya Oman mtoto akihitimu Qurani hufanyiwa taymina: watoto wenzake hutoka naye kwa msafara, mmoja husoma dua, na kundi zima humwitikia kwa amin. Siku za mwanzo za mfunguo tatu, kabla ya Idi Kubwa, watoto huimba tahlula kwa mtindo huo huo, mmoja anatoa, wengi wanapokea. Nusu ya Ramadhani tena kuna Qaranqashoh, watoto wanapita mlango hadi mlango wakiimba na kugongagonga ili wapewe peremende na njugu. Hakuna aliyewapungia mkono katika usiku ule, na bado hawakosani hata kwa kope.

Basi tukaanza na amin. Jioni nzima ya pili hatukuimba kitu kingine. Nilikuwa nataka waingie pamoja kwenye a, wakutane kwenye m kama watu wanaokutana mlangoni, wafunge pamoja kwenye n. Mara ya kumi ilikuja sawasawa. Wenyewe waliisikia, wakatazamana. Mwalimu aliyewahi kuona macho yale hatasahau. Wale watoto walikuwa wamejisikia kwa mara ya kwanza kuwa kitu kimoja, na sikuhitaji tena kuwahubiria juu ya kusikilizana.

Pumzi ilikuwa vita vingine. Maskati mtu anaishi ndani. Juni 2018 huko Quriyat, mwendo mfupi kusini mashariki ya mji, usiku mzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, na dunia ikaandika kuwa haijapata kuona usiku kama huo. Kwa hiyo kiyoyozi si anasa. Lakini kinakausha koo kuliko jua lenyewe, na mtoto aliyetoka skuli, akapita kwenye gari lenye baridi, akaingia majlisi yenye baridi, koo lake limekuwa kama karatasi kabla hajaimba. Tulikizima kwa dakika arubaini za mazoezi, mlango wazi, na nikapiga marufuku soda ya barafu. Akina mama walinung'unika. Nilishika msimamo wangu.

Kuvuta pumzi niliwafundisha kwa chetezo. Ukimwambia mtoto avute pumzi atanyanyua mabega hadi masikioni, na pumzi ya mabegani haifiki mbali. Bi mkubwa aliweka udi juu ya kaa, nikawaambia: nusa, taratibu, kama mnavyonusa siku ya Idi. Mabega yakatulia, matumbo yakajaa. Halafu toeni, kwa sss ya jiko la mvuke, tuone nani wa mwisho. Aliyeshinda alikuwa mvulana mnene wa miaka kumi na moja ambaye hadi siku ile hakuwa ameshinda kitu chochote katika ukoo ule.

Hapo tena nikagundua jinsi Kiswahili kilivyotengenezwa kwa kuimbwa. Tuna irabu tano tu, kila moja safi, haichanganyiki na mwenzake, na silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu, mdomo uko wazi. Koo halipati kizuizi. Kiitaliano nacho hupenda kumaliza maneno yake kwa irabu, na labda ndiyo sababu waimbaji wa dunia nzima wanakikimbilia. Jumba la Opera la Kifalme la hapa Maskati, lenye viti 1,100 pale Shati al-Qurum, lilifunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot ya Puccini, Plácido Domingo akiongoza okestra. Ndani ya Turandot kuna sehemu ya kwaya ya watoto, na mahadhi yake yametolewa katika wimbo wa kienyeji wa China. Yaani mtoto anasimama anaimba Kiitaliano kwa sauti ya Kichina juu ya binti mfalme wa hadithi, na watu wanalipa tiketi. Tangu nilipolijua hilo, nimepunguza kuona haya juu ya kasuku wangu wa Mabela.

Na Waomani wenyewe walikwishaonyesha kwamba kijana anaweza kuanzia alifu. Mwaka 1985 Sultan Qaboos aliamuru iundwe okestra ya kifalme ya Waomani watupu. Walichaguliwa vijana ambao hawakuwa wamewahi kushika fidla, wakafundishwa tangu namna ya kuisimamisha begani, na mwaka 1987 wakapiga mbele ya watu.

Maneno ndiyo yaliyotuweka sana. P ikawa b, v ikawa f, chai ikawa shai. Ng'ombe hakuzalika kabisa. Alitoka ngombe, alitoka nombe, mara moja alitoka onombe na tukacheka hadi mazoezi yakavunjika. Neno linaloanza kwa mb au nd waliliwekea kiti mbele: imbuzi, indege. Nilikumbuka maalim wetu wa Unguja akitupiga vidole kwa sababu ya ayn na ha, herufi ambazo koo la Kiswahili halikuzizoea. Sikumpiga mtu. Niliwapa kipande cha karatasi mbele ya mdomo: p ya kweli inakipeperusha, b haikitikisi. Wakakaa wiki nzima wakipeperusha karatasi nyumbani, papai, papa, pepo, pwani, hadi baba mmoja akanipigia simu kuuliza tunafundisha nini.

Kinanda nacho nilikirudisha kwenye gari. Nilikileta kwa kujiona, chenye vidude vya ngoma na taa. Bi mkubwa alipotuimbia kasida yake kwa mara ya kwanza nilitafuta sauti ya tatu ya mahadhi yale, nikabonyeza cheupe, ikawa juu mno. Nikabonyeza cheusi, ikawa chini mno. Ilikuwa katikati, mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kitufe. Hiyo ndiyo Rasti ya Waarabu, iliyofika Unguja na muziki wa Misri tangu enzi za Sayyid Barghash na ikaingia katika taarab yetu na kasida zetu. Watoto waliokuwa wakifuata kinanda waliiimba vibaya, waliofuata bi mkubwa waliiimba sawa, wala hawakujua kwamba ni ngumu. Sikio la mtoto wa Maskati limezoea kusikia sauti za namna hiyo kutoka mnarani. Kinanda kingewaharibia kitu walichokuja nacho.

Lakini sauti ilipokwisha kunyooka, swali la bwani lilikuwa bado linanisumbua.

Oman kuna ngoma ya lewa, inayochezwa na watu wenye asili ya Afrika katika miji ya pwani kama Sur, kwa mzumari na ngoma kubwa. Maneno ya Kiswahili yamo ndani ya nyimbo zake hadi leo, na wako wanaoyaimba bila ya kuijua lugha. Wimbo umebeba maneno kama mtumbwi ulioachwa na mwenyewe. Unaelea, lakini hauna unakokwenda. Nikiwasikia nafurahi kwamba yamebaki. Ila sikutaka watoto kumi na wanne wafike huko mikononi mwangu.

Upande wa pili yuko Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akauza vyungu, hakusoma. Zama zake taarab ilikuwa ya Kiarabu, ya watu wakubwa, na yeye alifundishwa kuimba Kiarabu kwa sikio. Angeweza kuishia hapo, sauti nzuri inayotamka yasiyo yake. Akageuka akaimba Kiswahili, mwaka 1928 akaenda Bombay kurikodiwa, na sahani zake za santuri zikauzwa pwani nzima. Siti alianza kama tulivyoanza sote, kwa kuiga. Kilichomfanya awe Siti ni kwamba hakuridhika na kuiga.

Nikamwomba bi mkubwa aache pembe yake aje katikati. Sharti likawa kwamba hapana neno litakaloimbwa kabla hajalitolea kitu. Alikuja na mbuzi ya kukunia nazi aliyotoka nayo Unguja, chuma chake kimelika. Watoto walipoambiwa hii ni mbuzi walidhani anawatania. Mbuzi ni yule wanayemchinja Idi. Akakaa juu yake, akakuna nazi mbele yao, na neno likaingia. Akaleta kifuu, akaleta kanga zenye majina, akawasomesha jina moja moja. Pwani iliwachukua muda. Pwani wanayoijua ni ya Matrah, jiwe na barabara na taa. Akawaambia pwani yetu maji hutoka, yakaenda mbali, watu wakashuka kuokota chaza na kombe, kisha yakarudi. "Yanakwenda wapi?" aliuliza mmoja. Bi mkubwa akajibu kwamba alipokuwa na umri wao alimuuliza bibi yake hivyo hivyo.

Kwenye ubeti wa tatu kulikuwa na neno ng'ambo. Yule binti akauliza ng'ambo ni wapi. Bi mkubwa akafungua kinywa kujibu, akanyamaza. Alipokuwa mtoto wa Mji Mkongwe, ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa mtaa, kule kwa watu wa makuti. Alipokuwa msichana, ng'ambo ilikuwa Arabuni, alikokwenda babu yake akarudi na tende. Sasa amekaa Arabuni. Akawaonyesha dirisha, upande wa kusini, akasema, "Kule." Ubeti ule waliuimba tofauti tangu siku hiyo. Siwezi kukueleza kwa nota ni tofauti gani.

Jambo ambalo sijalisema ni kwamba nilijua tangu mwanzo kuwa siku yenyewe sitakuwepo. Shughuli ni ya wanawake, katika ukumbi wa wanawake, na mwanamume hana njia. Kwa hiyo wiki sita zote nilikuwa najifundisha kutoweka. Wiki ya nne niliacha kupunga mikono, wakaingia kwa kutazama kichwa cha binti wa mbele, kama wafanyavyo watu wa kasida kwetu wanaomfuata mpiga dufu. Wiki ya tano nikageuka nikawapa mgongo. Ya sita nilikaa jikoni.

Kijana mmoja alitusumbua moyo. Ana miaka kumi na tatu, na alikuwa na sauti iliyotupita sote mwanzoni. Wiki ya tatu ikaanza kumvunjika. Huwa hivyo, kati ya miaka 12 na 15 hivi koromeo la mvulana linakua kwa haraka, sauti inashuka karibu oktava nzima, na katika kushuka huko inajikwaa njiani. Alikuwa akianza neno mtoto na kulimaliza mzee. Wenzake wakacheka, akataka kuacha. Nilimwambia asilazimishe sauti ya juu, aimbe katikati, kwa wepesi, na ikikatika aache ikatike. Zamani kwetu mvulana wa namna hiyo alipewa dufu apige hadi sauti itulie, nami nikampa dufu. Lakini ukumbini hata yeye hakuruhusiwa, amekwishakuwa mwanamume.

Usiku wa harusi, basi, tulikaa wawili nje, kwenye maegesho ya magari, dufu juu ya magoti yake. Ukuta ulikuwa mnene na ndani kulikuwa na muziki wa kukodi. Muda ukapita. Kisha muziki ukakatwa, na nikasikia fundi wa mitambo amewawekea mwangwi mwingi kupita kiasi, jambo nililomwomba asilifanye. Nikakunja uso. Binti wa miaka tisa akatoa sauti ya kwanza peke yake. Ilikuwa juu kidogo kuliko tulivyozoea, kwa hofu nadhani, na kumi na wawili wakampokea huko huko juu alikokwenda, pamoja, kama ile amin. Walipofika kwenye pwani, p ilipasuka ndani ya maikrofoni kama kizibo.

Kijana wangu alianza kupiga dufu taratibu sana kwa vidole viwili. Kisha akaimba nao, chini, kwa sauti mpya ambayo haikukatika. Nami nikamfuata, oktava yangu ile ile ya kungurumia. Mlinzi wa maegesho, mtu wa Kerala, alituangalia akazima redio yake.

Bi mkubwa aliniletea sahani ya halwa baadaye, kupitia mlango wa jikoni. Akaniambia ubeti wa pili walikosea neno moja. Nilipomuuliza lipi, akasema hata yeye alikosea vile vile alipokuwa mdogo, na kwamba kasida ile haijaandikwa mahali popote; aliyemfundisha ni shangazi yake, na shangazi yake amezikwa Unguja.

Kuna nyumba nyingi za Maskati, Dubai na London zenye bi mkubwa wa namna hii, na nyingine ziko Ng'ambo na Chake Chake, zenye wajukuu wanaodhani wana muda. Ijumaa hii wekeni simu mbele yake, mwacheni aimbe hadi mwisho bila ya kumkatiza. Kisha muulizeni neno moja moja, na mwiteni mtoto mdogo kuliko wote nyumbani akae karibu asikilize majibu.